Mwongozo wa ALA wa kuandaa sera ya faragha ya maktaba: tathmini ya mtumiaji

Maktaba nyingi zina ukurasa wa sera ya faragha kwenye tovuti zao, na nyingi ya kurasa hizo hazimwambii msomaji jambo lolote analoweza kulishika. Zinatamka kwamba maktaba inaheshimu faragha ya watumiaji wake, zinagusia vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huziweka kwenye kivinjari cha mgeni) kwa sentensi mbili, kisha zinafunga kwa kusema kwamba sera inaweza kubadilika wakati wowote. Msomaji anayetaka kujua iwapo kitabu alichokirudisha zamani bado kimeandikwa mahali fulani pembeni ya jina lake hapati jibu. Kwa kipimo hicho nimeupima mwongozo wa Chama cha Maktaba cha Marekani, kinachojulikana zaidi kwa herufi ALA, unaomwelekeza mkutubi jinsi ya kuandaa au kurekebisha sera ya faragha, na ambao mtu yeyote anaweza kuusoma bila malipo kwenye tovuti ya chama hicho. Niseme mapema kwamba naupendekeza, kwa sababu unamtaka mkutubi aichunguze maktaba yake kabla ya kuandika neno la kwanza. Hata hivyo, kuna mahali unapomwacha mwandishi wa sera njiani, hasa anapofika kwenye kazi ya kuichapisha sera hiyo mtandaoni ili isomeke na kueleweka.

Uzito wa mwongozo huu unatokana na historia iliyouzaa. Mwaka 1970 maofisa wa kodi wa serikali ya Marekani walifika kwenye maktaba ya umma ya jiji la Milwaukee wakitaka kuona kumbukumbu za watu walioazima vitabu vinavyohusu vilipuzi. Maktaba ilikataa, lakini maofisa wakarudi na maoni ya ofisi ya mwanasheria wa jiji yaliyosema kuwa kumbukumbu za uazimaji ni nyaraka za umma, na maktaba ikalazimika kuwaruhusu. Januari 1971 ALA ilipitisha sera iliyozitaka maktaba zitambue rasmi kwamba kumbukumbu za uazimaji ni siri, na kwamba hazitatolewa kwa chombo chochote cha dola bila amri halali ya kisheria. Msimamo huo umeendelea kuimarishwa: mwaka 2002 chama kilitoa tafsiri rasmi ya faragha kwa misingi ya Tamko la Haki za Maktaba, na mwaka 2019 faragha ikapewa ibara yake yenyewe, ya 7, ndani ya tamko hilo lililopitishwa mwaka 1939. Leo majimbo 48 ya Marekani pamoja na Wilaya ya Columbia yana sheria zinazolinda usiri wa kumbukumbu za maktaba, na majimbo mawili yaliyobaki, Hawaii na Kentucky, yanaongozwa na maoni ya wanasheria wao wakuu. Mtu anapousoma mwongozo huu anatambua kwamba waliouandika wanajua maana ya kubishiwa hodi na ofisa mwenye karatasi mkononi, na maswali wanayoyauliza yana ukali unaostahili.

Mwongozo unaanza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo sera nyingi huyachanganya. Faragha ni haki ya mtu kutafuta maarifa bila mwingine kuchunguza kile anachokitafuta. Usiri ni wajibu unaoiangukia maktaba pale inapokuwa tayari inazo taarifa zinazomtambulisha mtu huyo na inatakiwa kuzitunza kwa niaba yake. Sera inayozungumzia usiri peke yake inachukulia kwamba taarifa zimekwisha kukusanywa, na inabaki kuahidi kuzifungia kabati. Sera inayoanza na faragha inauliza kwanza kama taarifa hizo zilihitajika, na kwa maoni yangu swali hilo ndilo linalopaswa kuongoza kila aya inayofuata.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile ya ukaguzi wa faragha. Kabla ya kuandika, mkutubi anatakiwa apite katika kila idara na kila mfumo akiuliza ni taarifa gani zinakusanywa, kwa sababu gani, zinahifadhiwa wapi, nani anaweza kuziona, zinakaa kwa muda gani na zinaharibiwa vipi. Kazi hiyo inaongozwa na kanuni tatu: usitengeneze kumbukumbu isiyo ya lazima, usitunze kumbukumbu isiyohitajika tena, na uwe macho na desturi za kazi zinazoanika taarifa za wasomaji hadharani. Maelezo yake ni mafupi, lakini yeyote atakayeyafuata kwa uaminifu atakutana na mambo ambayo hakuna aliyekusudia yawepo.

Chukua kumbukumbu za uazimaji, ambazo wengi hudhani wamekwisha kuzishughulikia. Mifumo mingi ya kuendesha maktaba inaweza kuvunja uhusiano kati ya msomaji na kitabu mara kitabu kinaporudishwa, na wakutubi huliandika hilo kwenye sera kwa fahari. Ukaguzi unaonyesha kwamba mara nyingi mfumo uleule unahifadhi jina la aliyeazima mara ya mwisho, ili kitabu kikionekana kimechanika ajulikane wa kuulizwa. Kwamba nakala rudufu za hifadhidata zinazofanywa kila usiku bado zina uhusiano uliodaiwa kuvunjwa. Na kwamba deni la faini linaweza kubeba jina la kitabu kwa miaka mingi baada ya kulipwa. Barua pepe ya kumkumbusha msomaji kurudisha kitabu hutaja jina la kitabu, na kwa hiyo hubaki kwenye sanduku la barua ambalo huenda linatumiwa na familia nzima au linamilikiwa na mwajiri. Rafu ya vitabu vilivyowekwa akiba huwa na vikaratasi vya majina vinavyosomeka na kila apitaye. Fomu za kuazima kutoka maktaba nyingine hurundikana kwenye majalada, na mashine ya kuchapa huhifadhi majina ya nyaraka zilizochapwa. Mazungumzo ya msomaji na mkutubi kupitia dirisha la maswali mtandaoni nayo huhifadhiwa neno kwa neno kwenye seva ya kampuni nyingine.

Nimeyataja haya kwa urefu kwa sababu hapa ndipo sera inapopata ukweli wake au inapoukosa. Sentensi isemayo kwamba maktaba haihifadhi historia ya usomaji wako ni ahadi, na msomaji anaweza kuitegemea katika jambo zito, kwa mfano mtu anayesoma kuhusu ugonjwa ambao hajamweleza mwenzi wake, au kijana anayetafuta majibu asiyothubutu kuyauliza nyumbani. Ikiwa nakala rudufu zinahifadhiwa kwa siku 90, basi sera iseme siku 90. Ikiwa jina la mwazimaji wa mwisho linabaki mpaka mtu mwingine aazime kitabu hicho, sera iseme hivyo hivyo, kisha maktaba iamue kama jambo hilo linavumilika. Mara nyingi kulazimika kuliandika hadharani ndiko kunakowafanya wakuu wa maktaba walibadilishe, na hilo ndilo pato kubwa la kuutumia mwongozo huu.

Baada ya ukaguzi, sera yenyewe inajengwa juu ya misingi iliyotokana na kanuni za haki katika matumizi ya taarifa, ambazo chimbuko lake ni ripoti ya mwaka 1973 iliyotolewa na iliyokuwa Wizara ya Afya, Elimu na Ustawi ya Marekani. Msomaji ajulishwe, apewe hiari na aombwe ridhaa, aweze kuziona na kuzisahihisha taarifa zake, taarifa ziwe sahihi na salama, na kuwe na utaratibu wa kusimamia sera na kupokea malalamiko. Mpangilio huu ni mzuri na hauhitaji maelezo mengi. Nitaongeza tu kwamba msingi wa mwisho ndio unaopuuzwa zaidi. Sera isiyotaja ni nani ndani ya maktaba anayeisimamia, na msomaji amwandikie nani akiona imekiukwa, haijakamilika hata kama sehemu zake nyingine zimeandikwa kwa ufasaha.

Mwongozo unafuatana na orodha za ukaguzi zinazogusa maeneo mahususi: tovuti na katalogi, mfumo wa kuendesha maktaba, kompyuta za wasomaji na mtandao wa umma, utoaji wa vitabu vya kielektroniki, ubadilishanaji wa data kati ya vifaa, na wanafunzi wa shule. Kila orodha imegawanywa katika ngazi tatu za kipaumbele. Ngazi ya kwanza ina hatua ambazo inatarajiwa kila maktaba inaweza kuzichukua, na mbili zinazofuata zinahitaji utaalamu au rasilimali zaidi. Mgawanyo huu ni wa busara sana. Maktaba yenye wafanyakazi wachache ikikabidhiwa orodha ndefu isiyo na mpangilio hukata tamaa na kuiweka kando, lakini ikipewa mahali pa kuanzia huanza. Hatua kama kulinda tovuti kwa HTTPS, yaani kusafirisha data zake zikiwa zimefichwa, ambayo zamani ilikuwa na gharama, imekuwa nyepesi tangu Let's Encrypt ilipofungua kwa umma huduma yake ya bure ya vyeti vinavyohitajika kwa ulinzi huo mwishoni mwa mwaka 2015, na sioni tena udhuru wa katalogi ya maktaba kusafirisha maneno ya utafutaji yakiwa wazi njiani.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ya kampuni za nje, na hapa nina sifa na lawama kwa pamoja. Kisa kinachofaa kukumbukwa ni cha Oktoba 2014, ilipogundulika kwamba programu ya Adobe Digital Editions, iliyotumiwa na wasomaji wengi wa vitabu vya kielektroniki vya maktaba, ilikuwa ikituma kwenye seva za Adobe taarifa za vitabu walivyosoma watu na kurasa walizofungua, tena bila usimbaji fiche, hivi kwamba yeyote aliyekuwa na uwezo wa kuchungulia mtandao angeweza kuzisoma. Maktaba hazikuwa zimekusanya taarifa hizo wala hazikuwa nazo. Sera zao zingeweza kuwa za kweli kabisa kuhusu mifumo yao wenyewe huku msomaji wao akiwa amevuliwa faragha yake mlangoni. Mwaka uliofuata, Desemba 2015, shirika la viwango la NISO lilichapisha misingi 12 ya faragha ya kidijitali inayowahusu wachapishaji na watengenezaji wa programu pamoja na maktaba zenyewe, na orodha za ALA zimefuata mwelekeo huohuo: zinamtaka mkutubi aingize masharti ya faragha katika mikataba, ahakikishe kwamba data za wasomaji zinabaki kuwa mali ya maktaba, na awajulishe wasomaji wanapoondoka kwenye tovuti ya maktaba kuingia ya mwingine.

Ushauri huo ni sahihi. Lawama yangu ni kwamba unamchukulia mkutubi kana kwamba ana nguvu ya kujadiliana ambayo mara nyingi hana. Maktaba ndogo inayonunua huduma ya vitabu vya kielektroniki hupewa mkataba uliokwisha kuchapwa, na jibu la kampuni ni kwamba masharti ni hayo kwa wateja wote. Katika hali hiyo mkutubi anahitaji kuonyeshwa namna ya kumwandikia msomaji ukweli ambao maktaba haikuweza kuubadilisha. Ningependa kuona mifano ya aya za namna hii: kwamba huduma fulani inaendeshwa na kampuni fulani, kwamba ili kuitumia utatakiwa kufungua akaunti kwenye kampuni hiyo, kwamba kampuni itajua vitabu unavyoazima na itazitunza taarifa hizo kwa mujibu wa sera yake, iliyounganishwa hapa, na kwamba ukipenda kitabu hichohicho kwa nakala ya karatasi, maktaba inaweza kukusaidia. Aya za aina hiyo, moja kwa kila huduma, zingemfaa msomaji kuliko tamko la jumla kwamba maktaba haiwajibiki kwa sera za tovuti za wengine.

Tovuti yenyewe ya maktaba ina uvujaji wake wa kimyakimya. Ukurasa wa katalogi unaoonyesha picha ya jalada la kitabu mara nyingi huichukua picha hiyo kutoka kwenye seva ya kampuni nyingine, na kivinjari cha msomaji kinapoiomba hupeleka anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wake wa mtandao, na wakati mwingine hata anwani ya ukurasa alioko, ambayo inaweza kubeba maneno aliyoyatafuta. Kitufe cha mtandao wa kijamii kilichowekwa chini ya ukurasa hufanya vivyo hivyo hata asipokibonyeza. Zana ya kuhesabu wageni, kama ni Google Analytics, hupeleka taarifa za ziara kwa kampuni hiyo, wakati zana mbadala kama Matomo inaweza kusimikwa kwenye seva ya maktaba yenyewe ili data zisitoke nje. Sera inayosema kwamba hatushiriki taarifa zako na mtu wa tatu, ikiwa imewekwa kwenye ukurasa wenye vitu hivi vyote, inasema jambo ambalo si kweli wakati uleule inaposomwa. Njia ya kupima ni rahisi: fungua sehemu ya kivinjari inayoonyesha mawasiliano ya mtandao, pakia ukurasa wa katalogi, kisha usome orodha ya seva zilizofikiwa. Ningetaka zoezi hilo liwekwe mwanzoni kabisa mwa ukaguzi wa tovuti, kwa maana halihitaji fundi na linamfungua macho mtu yeyote anayelifanya.

Nafika sasa kwenye uchapishaji, ambapo naona mwongozo unapwaya. Unasisitiza kwamba sera itangazwe mahali pa wazi, na hilo ni jema, lakini kuiweka sera mtandaoni ni kazi yenye maarifa yake. Kiungo cha sera kinapaswa kuwepo chini ya kila ukurasa, ikiwemo kurasa za katalogi ambazo mara nyingi zinaendeshwa na mfumo tofauti na hivyo husahaulika. Fomu ya kujiandikisha uanachama inapaswa kueleza palepale, pembeni ya kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa au namba ya simu, kwa nini taarifa hiyo inaombwa na kama ni ya lazima, kwa sababu huo ndio wakati msomaji anapofanya uamuzi. Sera iwe na tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya marekebisho ya mwisho, na matoleo ya zamani yaendelee kupatikana ili mtu aweze kuona kilichobadilika. Iwe ukurasa wa kawaida unaosomeka kwenye simu na kwa programu za kusomea wasioona, badala ya PDF iliyopigwa picha kutoka kwenye karatasi yenye mhuri. Nakala ya karatasi iwepo kaunta kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kufungua tovuti ya maktaba.

Lugha nayo ina nafasi yake. Sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inataka maelezo kwa mwenye data yawe mafupi, ya wazi, yanayoeleweka na yenye lugha nyepesi, hasa yanapomlenga mtoto, na inataka ajulishwe muda ambao taarifa zake zitahifadhiwa au vigezo vya kuuamua. Naona matakwa hayo yanafaa kufuatwa hata na maktaba ambayo sheria hiyo haiihusu. Sera nyingi zilizoandikwa kwa kunakili mifano zimejaa lugha ya mawakili, na hatari hiyo ipo pia kwa anayetumia sera za mfano: sera ya maktaba kubwa ikinakiliwa na maktaba ndogo inabeba ahadi kuhusu mifumo ambayo maktaba ndogo haina, na kunyamaza kuhusu ile iliyo nayo. Mwongozo unaweka ukaguzi kabla ya uandishi, na anayeufuata kwa mpangilio huo ataepuka hatari hiyo. Lakini sera za mfano zipo wazi kwa yeyote, na mwenye haraka ataziendea moja kwa moja.

Kuhusu maombi ya vyombo vya dola, mwongozo uko imara, na inavyoonekana uzoefu umechangia. Mwaka 2005 ushirika wa maktaba wa Connecticut uitwao Library Connection ulipokea barua ya usalama wa taifa kutoka FBI ikitaka taarifa za matumizi ya kompyuta, ikiambatana na amri ya kutomwambia mtu yeyote. Wakutubi wanne waliokuwa viongozi wa ushirika huo walikwenda mahakamani bila majina yao kuruhusiwa kutajwa, na waliweza kuzungumza hadharani mwaka 2006 tu, amri hiyo ilipoondolewa. Kutokana na mambo kama hayo, maktaba zinashauriwa kuamua mapema nani atapokea ombi la namna hiyo, kumfundisha kila mfanyakazi wa kaunta kumwelekeza ofisa kwa mkuu wa maktaba bila kutoa chochote, na kumhusisha mwanasheria kabla ya kujibu. Sera iliyochapishwa iseme bayana kwamba maktaba hutoa taarifa tu kwa amri halali, na pia iseme kwamba huenda sheria ikaizuia kumjulisha msomaji. Kinga ya kweli inabaki ile ya kanuni ya pili ya ukaguzi, ya kutotunza kumbukumbu isiyohitajika tena: taarifa iliyofutwa kihalali, kwa ratiba inayojulikana, haiwezi kudaiwa na yeyote.

Anayeutumia mwongozo huu nje ya Marekani atapaswa kuruka sehemu zinazohusu sheria za majimbo, sheria ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi, na ile ya mwaka 1998 inayowalinda mtandaoni watoto walio chini ya miaka 13, kisha aweke sheria za nchi yake mahali pake. Kwa msingi wa kimaadili usiofungwa na nchi moja, tamko la IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, la mwaka 2015 kuhusu faragha katika mazingira ya maktaba ni mwenza mzuri, ingawa ni la kanuni zaidi kuliko utendaji. Kero nyingine ni kwamba vifaa vya ALA vimetawanyika katika kurasa nyingi: mwongozo wa sera uko pake, orodha za ukaguzi zina kurasa zake, na matamko rasmi yako kwingine, kiasi kwamba mgeni huchukua muda kutambua kipi kinatangulia.

Kwa anayeanza, ningemshauri afungue kwanza orodha ya ukaguzi ya jumla na atekeleze ngazi ya kwanza peke yake, afanye ukaguzi akiwa na mtu wa kaunta na mtu wa mifumo pamoja, kisha ndipo asome mwongozo wa sera na kuandika. Rasimu aipeleke kwa wasomaji wachache wasio wakutubi na awaulize swali moja: baada ya kusoma ukurasa huu, unajua maktaba ina taarifa gani zako na itazifuta lini? Wakishindwa kujibu, rasimu irudishwe mezani kabla kiungo chake hakijawekwa kwenye tovuti.